Asilimia za Hofu: Kanuni ya Marekani Isomwapo Salamabila

Kifungu cha 4.130, juzuu ya 38 ya Kanuni za Shirikisho za Marekani, ni ngazi ya vidato sita: 0, 10, 30, 50, 70, 100. Askari mstaafu anayedai fidia kwa ugonjwa wa akili hutafutiwa kidato chake humo, na kidato hicho ndicho kinachoamua alipwe kiasi gani kila mwezi. Mwaka 2024 kidato cha 10 kilikuwa dola 171 kwa mwezi. Cha 100, kwa asiye na mke wala mtoto, dola 3,737. Ngazi imesimama hivyo tangu Novemba 1996, na karibu magonjwa yote ya akili hupimwa kwayo: kiwewe cha vita, sonona, skizofrenia, kila ugonjwa ukiwa na namba yake. Hofu ya kupindukia ya kuwa mbele za watu, ile inayomfanya mtu mzima akwepe msiba wa jirani kwa kuogopa kutazamwa, namba yake ni 9403. Inagawana namba hiyo na hofu ya nyoka na hofu ya kupanda juu.

Nitakisoma kifungu hiki kama tunavyosoma utenzi: nani anasema, anamwambia nani, neno gani linarudi, na ni wapi pamenyamaza. Wapo wasemaji wa Kiswahili ambao kwao hili si jambo la mbali. Mpango wa MAVNI, ulioidhinishwa mwishoni mwa 2008 na kusitishwa 2016, uliwaingiza katika jeshi la Marekani wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Lakini nimechagua kukisomea Salamabila, mji wa dhahabu katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako vijana wengi wameshika bunduki, wengine wakaitua, wengine wakaishika tena. Andiko huonyesha dhana zake zilizofichika linapomkuta mtu ambaye mwandishi wake hakumwazia.

Jambo la kwanza ni kwamba ndani ya kifungu hamna mtu. Kila kidato kuanzia cha 30 ni kirai kirefu cha nomino: upungufu wa kikazi na kijamii, wa kiasi fulani, unaotokana na dalili kama vile hizi na hizi. Hakuna anayekosa usingizi. Kuna kasoro sugu ya usingizi. Hakuna anayeshtuka moyo ukamwenda mbio sokoni. Kuna mishtuko ya hofu, mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Mtindo huu una sababu yake. Mwandishi wa sheria anaogopa kumwonea huruma Juma akamsahau Ali, kwa hiyo anawaondoa wote wawili na kubakiza dalili zinazotembea peke yake. Ni uadilifu wa aina fulani, na siudharau. Ila una gharama: dalili bila mtu haina historia, na dalili nyingi za hofu hazieleweki bila historia.

Pamoja na ukavu huo, andiko lina ufundi wake. Angalia majina. Kwenye kidato cha 30 mgonjwa anaanza kusahau majina ya watu, njia, na mambo ya juzijuzi. Kisha majina yanatoweka katika maandishi, vidato viwili vizima bila kutajwa. Yanarudi kwenye cha 100, na sasa ni majina ya ndugu wa karibu, ni kazi aliyokuwa akiifanya, na mwisho kabisa ni jina lake mwenyewe. Sijui kama waliokiandika walikusudia mrudio huo, lakini upo, na mshairi angeuonea wivu. Mahali pekee ambapo kifungu hiki kinakaribia kuwa na mhusika ni pale mhusika anapojisahau.

Fuata pia usemi. Kwenye 30, ndani ya mabano, mazungumzo ni ya kawaida. Kwenye 50 usemi unakuwa wa kuzungukazunguka na wa kukariri. Kwenye 70 unapotea mantiki mara kwa mara. Kwenye 100 mawasiliano yenyewe yamevunjika. (Kwa kipimo cha usemi wa kuzunguka, wazee wa baraza pale Kasongo, jirani na Kabambare, ambao hawaanzi shauri la mbuzi bila kupitia kwanza kwa babu wa mwenye mbuzi, wangestahili 50 wote bila kupimwa.) Kifungu kinaujua vizuri usemi unaokwenda kombo. Kisichoujua ni usemi usiotoka. Mwenye 9403 haongei ovyo. Anajua la kusema, amelipanga tangu jana, na mbele ya watu linabaki kooni. Halafu anaacha kwenda. Kule kukwepa, ambako ndiko moyo wa ugonjwa wenyewe, hakumo katika orodha ya kidato chochote. Kunaonekana kwa matokeo yake tu, mwishoni mwa orodha: ugumu wa kujenga na kudumisha mahusiano kwenye 50, kushindwa kabisa kuyajenga kwenye 70.

Mtetezi wa kifungu atanikumbusha maneno mawili, “kama vile”. Mwaka 2002, katika kesi ya Mauerhan, mahakama ya rufaa ya madai ya wanajeshi wastaafu iliyasoma maneno hayo kwa makini ya mwalimu wa sarufi na kuamua kwamba dalili zilizoorodheshwa ni mifano, si masharti. Mgonjwa mwenye dalili nyingine za uzito huohuo anastahili kidato hichohicho. Hapo majaji walifanya kazi yetu sisi wahakiki, tena vizuri. Mwaka 2013, katika kesi ya Vazquez-Claudio, mahakama ya rufaa iliyo juu yake iliurudisha mlango nusu: dalili zisizotajwa lazima zilingane na zilizotajwa kwa ukali, marudio na muda. Kwa hiyo orodha inaruhusu wageni, mradi wageni wafanane na wenyeji. Kukwepa watu kunafanana na nini?

Shida kubwa zaidi haimo katika ngazi. Imo katika kifungu cha jirani, 4.126, ambacho wadai wengi hawakifikii. Kinasema mpimaji atazingatia ukubwa wa upungufu wa kijamii, ila asitoe kidato kwa msingi wa upungufu wa kijamii peke yake. Rudi sasa kwenye kirai kinachofungua vidato kuanzia cha 10, “wa kikazi na kijamii”. Tulikisoma kama jozi. Kumbe jozi haina usawa: kazi inaweza kusimama yenyewe, jamii haiwezi. Chukua mstaafu wa kubuni, anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala, hakosi zamu hata moja, hana rafiki, hali na mtu, hajaenda harusi wala mazishi tangu arudi. Kwa macho ya ndugu zake ameharibikiwa. Kwa macho ya kifungu ana afya ya kutosha kubeba makasha. Ugonjwa ambao asili yake yote ni ya kijamii umewekwa chini ya kanuni inayosema ya kijamii peke yake hayatoshi, na hadi pale upweke utakapomgusa mwajiri, hauna bei. Februari 2022 VA, wizara inayowahudumia wastaafu hao, ilipendekeza kuivunja ngazi hii na kupima maeneo matano, kushughulika na watu kukiwa eneo linalojitegemea, na kidato cha chini kabisa kikiwa 10. Kimaumbo hayo ni mapinduzi: neno lililokuwa mkia wa kirai linapewa safu yake.

Ukiacha kipimo, kuna hadithi inayodaiwa. Dai lina sehemu tatu: ugonjwa uliothibitishwa leo, tukio au chanzo wakati wa utumishi, na kiungo kati ya viwili hivyo. Kiungo kinatosha kikiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu, na shaka ikilingana, inampa faida mdai. Ni ploti ya shule: mwanzo, kati, mwisho, na kila kitu kikisababishwa na kilichotangulia. Hofu ya watu haijengwi hivyo. Kwa kawaida huanza utotoni, karibu na umri wa miaka 13, zamani kabla ya sare. Hapo sheria inafanya jambo ambalo nalihesabu kuwa la kiungwana kuliko yote katika mkusanyiko mzima wa maandishi haya: kama daktari wa siku ya kuandikishwa hakuandika kasoro, mtu huyo anahesabiwa kuwa aliingia jeshini mzima, na serikali ikitaka kubisha ilete ushahidi ulio wazi usio na utata. Sheria inamkopesha mdai utoto wenye afya ili hadithi yake ipate mwanzo.

Halafu inamtuma kwenye chumba cha mgeni. Upimaji mara nyingi ni mkutano mmoja na mtu asiyemjua, mwenye visanduku vya kutiwa alama, naye mdai ajieleze. Hakuna hali inayofanana zaidi na kile ambacho ugonjwa wake unamkataza. Akijikaza akajieleza vizuri, karatasi itasema mazungumzo ni ya kawaida. Akinyamaza, karatasi itakuwa tupu.

Sasa Salamabila. Mji uko kando ya dhahabu ya Namoya, ambayo kampuni ya Kanada, Banro, ilianza kuizalisha kibiashara 2016 na kusimamisha kazi 2019 kwa sababu ya usalama. Kikundi chenye silaha cha Mai-Mai Malaika kimepigana humo na jeshi la serikali, na kulalamikia mgodi usiowafaidisha wenyeji. Kati ya kijana wa vikundi hivi na mstaafu wa Marekani tofauti ya kwanza ni ya mwanzo wa hadithi. Hapakuwa na daktari wa kumwandikisha kijana. Hapana karatasi inayosema aliingia mzima. Mlango wake wa kuingilia vitani ni maji na dawa ya kumkinga na risasi, na pamoja na dawa alipewa miiko. Miiko ya Mai-Mai imeandikwa sana na watafiti: kutoguswa na asiyeoshwa kwa dawa, kujitenga na wanawake, kutokula vyakula kadhaa wala chakula cha mkono fulani. Ukivunja, dawa inakufa, na risasi itakupata wewe au mwenzako aliye kando yako.

Mpe kijana huyo, miaka mitano baada ya kutua bunduki, kipimo cha Liebowitz cha 1987, ambacho wanasaikolojia hukitumia kote duniani kwa hofu ya watu. Ni hali 24, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3 kwa hofu, na tena 0 hadi 3 kwa kukwepa. Jumla kamili ni 144. Nikikisoma kama fasihi, ni masimulizi mafupi ya siku moja ya mtu wa mjini Marekani: anapiga simu watu wakisikia, anakula hadharani, anakunywa na wenzake, anarudisha bidhaa dukani adai fedha zake, anamkatalia muuzaji king'ang'anizi, anaandaa tafrija. Kurudisha bidhaa dukani Salamabila kungehitaji kwanza duka linalokubali. Kula mbele za watu ndiyo hali inayogusa. Bugali na sombe viko kwenye sahani moja, mikono mitano inaingia, yeye amekaa pembeni. Kipimo kitaandika 3. Yeye atasema anatunza dawa yake. Dada yake atasema amekuwa mtu wa ajabu tangu porini. Alama ni ileile kwa majibu yote, kwa sababu kipimo kinauliza mara ngapi na kwa kiasi gani, hakiulizi nani alikukataza, na lini, na nini kingetokea ungekaidi. Ngazi ya Marekani nayo ingemsoma vibaya kwa upande mwingine: kidato cha 70 kinataja taratibu za kushurutika zinazovuruga shughuli za kila siku, na mpimaji mwenye haraka angeitia miiko humo bila kusita.

Sisemi kwamba yote ni mila. Huo ni uvivu wa pili, na huku kwetu umeenea kuliko ule wa mpimaji mwenye haraka. Wapo wanaojitenga kwa sababu ya mwiko, wapo wanaojitenga kwa sababu wanaogopa kutambuliwa na mtu waliyemdhuru, na wapo walio wagonjwa hasa. Yawezekana wote watatu wakawa mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba andiko lisilo na nafasi ya historia halina namna ya kuwatenganisha.

Maandishi ya Kongo yenyewe je? Mpango wa kupokonya silaha wa 2004 ulimtambua mpiganaji kwa silaha na kumtoa na kadi. Alipewa dola 110 siku ya kuondoka, kisha dola 25 kwa mwezi kwa miezi 12. Hakuna ngazi: aliyerudi mzima na asiyeweza kuketi sebuleni walipata sawa. Kama umbo, kadi ni shairi la mshororo mmoja, nalo linasema umeacha bunduki. Ordonansi ya tarehe 4 Julai 2021 iliyounda P-DDRCS, mpango mpya wa kupokonya silaha na kuinua jamii, ikabadili mhusika mkuu: msaada uelekezwe kwa jamii nzima inayompokea, si mkononi mwa mpiganaji. Sababu yake ni nzuri, kwani fedha za mkononi ziliwafundisha wengine kurudi porini ili watoke tena. Lakini kwa mtu ambaye jamii ndiyo inayomtisha, msaada unaopitia mikutano ya kijiji, miradi ya pamoja na vikundi vya ushirika unapita mahali palepale asipoweza kupita yeye. Sheria ya 26 Desemba 2022 kuhusu fidia ina mhusika wa tatu, mwathirika. Kijana aliyeingizwa vitani akiwa mtoto ana nusu ya hadithi katika kila andiko, na hakuna andiko lenye hadithi nzima.

Umbo jingine, la zamani, la dai la askari katika eneo letu linasimuliwa kutoka Mwanza. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliobaki wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, mishahara yao ya vita vya 1914 hadi 1918. Inasimuliwa kwamba wazee mamia walijitokeza, wachache tu wakiwa na hati walizopewa 1918, wengine wamevaa masalia ya makoti. Mlipaji akachukua fagio, akampa mzee mmoja mmoja, na kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakushindwa hata mmoja. Watu huipenda hadithi hii, nami nimeisikia ikisimuliwa kwa kicheko cha fahari. Kimaumbo ni kinyume kamili cha kifungu cha 4.130: mwili ndio unaoshuhudia, hakuna hati, hakuna daktari, hakuna kirai hata kimoja. Hata hivyo kinachothibitishwa na fagio ni utiifu, kidonda hakipimwi. Na mtihani unafanywa mbele ya umati. Mzee mwenye hofu ya watu angeondoka kwenye foleni mapema akarudi kwao bila senti, na msimulizi asingemjua, kwa kuwa hadithi inawahesabu waliopimwa tu.

Kuna karatasi moja ya Marekani ambayo sijaitaja, namba 21-10210. Ni ya shahidi asiye daktari: mke, jirani, askari mwenzake, mtu yeyote aliyeona. Katika rundo zima la dai ni kama ugeni wa sarufi, maana ghafla vitenzi vinapata wenyewe. Nilimwona. Alikuwa. Hakuwa hivi zamani. Mtu ambaye ngazi ilimwondoa anarudishwa na mwingine, na mwenye ugonjwa wa kutoweza kusema anasemewa na anayekula naye, au anayengoja ale naye. Nikijaribu kuwaza karatasi hiyo ikiandikwa na mama mmoja wa Salamabila, ingekuwa na sentensi kama hizi: Bwana yangu tangu arudi hali na watoto. Wageni wakipiga hodi, anapitia nyuma ya nyumba. Kabla ya porini alikuwa ndiye anayesimamisha ngoma ya harusi. Sentensi tatu, na ndani yake mna dalili, mna wakati, mna kabla na baada. Daktari mzuri angejua aulize nini hapo, na swali la kwanza lingekuwa la miiko.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ngazi ya asilimia ni andiko lenye nidhamu lililojengwa kumwamini mtu kadiri anavyopungukiwa na kazi, na kwa 9403 limekosea kipimo. Haifai kuigwa Maniema, hata fedha zingekuwapo. Karatasi ya shahidi inafaa, nayo haihitaji dola 3,737 kwa mwezi. Wanaotayarisha makaratasi ya P-DDRCS kwa ajili ya Kabambare na Kasongo waweke ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usio na visanduku, ujazwe na mtu anayeishi nyumba moja na aliyetua silaha. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenyeji wa kijiji, si na mgeni wa semina. Ukurasa huo uulize vitu viwili: alikuwaje kabla, na alikatazwa nini huko alikokuwa. Usomwe kabla hajaitwa kwenye mkutano wowote, na asipofika mkutanoni jina lake lisifutwe.